Harsha: mkate wa kukwaruza wa Moroko

Makala haya yalianzia kwenye karatasi za majaribio. Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili matini fupi ya Kiingereza kuhusu chakula cha asubuhi nchini Moroko, na ndani yake mlikuwa na neno moja lililowakwamisha wote: harcha. Kijana mmoja aliandika "chapati ya Moroko". Mwenzake aliandika "mkate wa Kiarabu". Wa tatu aliliacha neno lilivyo, akalipigia mstari, akaendelea na safari yake. Wote watatu tuliwanyima alama mbili.

Yule wa chapati hakuridhika. Alitufuata ofisini, akasimama mlangoni kwa adabu, akauliza: "Mwalimu, kama si chapati, basi ni nini? Si inaokwa kwenye kikaango, bila tanuri, na watu wanainywea chai asubuhi?" Tulimwambia arudi wiki inayofuata. Hiyo ndiyo lugha ya walimu wasio na jibu. Tangu siku hiyo tumesoma tulichoweza kusoma, na tumeona si haki kumjibu yeye peke yake.

Harsha (tutaiandika hivyo, kwa kuwa tahajia ya harcha ni ya Kifaransa) ni mkate bapa wa mviringo, unene wake kama wa kidole, ndani una rangi ya manjano na juu umekuwa kahawia. Hautiwi hamira. Unga wake kwa hakika si unga, bali ni semolina, yaani chenga za ngano, jamaa wa zile ambazo maduka ya Wahindi hapa Kampala huuza kwa jina la suji. Chenga hizo huchanganywa na chumvi, sukari kidogo na bekingi pauda, kisha hutiwa siagi iliyoyeyushwa au mafuta na kusuguliwa kwa ncha za vidole mpaka kila punje ipate mafuta yake. Ndipo maziwa hufuata. Mpishi wa chapati angeanza sasa kukanda kwa nguvu zake zote, lakini mpishi wa harsha huacha. Chenga hupewa dakika chache zinywe maziwa, na kile kilichoonekana kama uji mzito hujikaza chenyewe. Madonge hugaragazwa katika semolina ya punje kubwa zaidi, hubanwa kwa kiganja, na kuwekwa juu ya bamba la chuma lenye moto wa wastani. Moto ukizidi, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Ikiiva hupasuliwa, hupakwa siagi na asali, au jibini laini jeupe liitwalo jben, na huteremshwa kwa chai ya kijani yenye nanaa.

Sasa jina. Katika Kiarabu, kitu kisicho laini, chenye kukwaruza mkono, huitwa ahrash, na umbo la kike la sifa hiyo katika matamshi ya Moroko ni harsha. Kwa hiyo neno kwa neno tunapata "ile ya kukwaruza". (Kufanana kwake na neno la Kiingereza lenye maana ya ukali ni sadfa tu. Tunaomba mwanafunzi asije akatuletea nadharia.) Jamaa zake wa mezani nao wana majina ya namna hiyohiyo, yanayotaja kitendo au hali. Msemen, ule mkate wa matabaka unaofanana zaidi na chapati zetu za kukunja, umetokana na musamman, "uliotiwa samli", na samli yetu sisi imetoka katika Kiarabu hichohicho, samn. Kesra ya Algeria, mkate mwingine wa semolina na kikaango, imetokana na kitenzi cha kuvunja, kwa kuwa huvunjwa kwa mkono. Nalo neno semolina lina umri mrefu kuliko mataifa yanayogombania mikate hii: Kiakadi cha Mesopotamia kilikuwa na samidu, Kiyunani kikawa na semidalis, Kilatini simila, Kiarabu samid, na Wamoroko wa leo husema smida.

Lakini kwa nini ikwaruze? Jibu limo ndani ya punje. Ngano ziko za namna nyingi, ila kwa mada yetu zatosha mbili, ngano laini na ngano ngumu. Ngano laini ikipita chini ya jiwe hulegea ikawa vumbi jeupe, na hiyo ndiyo inayotupa mikate ya dukani na chapati. Ngano ngumu, ambayo imelimwa pande zote za Bahari ya Kati kwa karne nyingi, hugoma. Punje yake hupasuka vipande vidogo vyenye kung'aa kama vioo, vya rangi ya manjano. Mwanamke wa Moroko aliyesaga nyumbani kwa mawe mawili ya mviringo hakupata unga wa aina moja bali mchanganyiko, na kazi ya kuutenganisha ilikuwa ya chekeche. Chekeche moja ilitoa unga laini, nyingine chenga ndogo, nyingine chenga kubwa, na mwisho pumba. Katika chenga ndimo ilimotoka kuskusi, na ndimo ilimotoka harsha. Ukiitazama hivyo, ukwaruzaji si kasoro iliyokosa dawa. Ni tabia ya ngano yenyewe, na wapishi waliifuata badala ya kupigana nayo.

Ni vigumu zaidi kuupata mkate huu katika maandishi. Wenye kalamu waliandika walichokula wakubwa, au walichokiona ugenini. Katika karne ya 13, Ibn Razin al-Tujibi, mzaliwa wa Murcia aliyeishia Tunis, aliandika kitabu kikubwa cha mapishi ya Andalusia na Maghreb, na semolina imo tangu kwenye mlango wake wa mikate. Kwa hiyo tunajua kwamba kuoka semolina katika pande hizo si jambo la jana. Ila kitabu chake ni cha majiko yenye watumishi.

Karibu zaidi na tunachokitafuta ni al-Hasan al-Wazzan, ambaye Ulaya humwita Leo Africanus. Alizaliwa Granada, akakulia Fes, akatekwa na maharamia mwaka 1518 na kupelekwa kwa Papa mjini Roma, na huko akakamilisha mwaka 1526 kitabu chake cha kuieleza Afrika, kilichochapishwa Venice mwaka 1550. Akiwazungumzia watu wa Haha, milima iliyo nyuma ya mji unaoitwa leo Essaouira, anasema walikula mkate wa shayiri usiotiwa hamira, uliofanana na keki bapa kuliko mkate wa kuumuka, na kwamba waliuoka katika vyungu bapa vya udongo. Huo si harsha, kwa maana nafaka ni nyingine. Lakini kikaango kipo, kukosekana kwa hamira kupo, na ubapa upo. Na shayiri hiyo tuikumbuke vizuri, kwani mpaka ndani ya karne ya 20 shayiri ndiyo iliyokuwa nafaka kuu ya Moroko, hasa vijijini na milimani. Hata leo wapo wanaopika harsha kwa chenga za shayiri.

Tuna jirani mwingine wa karibu ambaye wanafunzi wetu wote wa historia ya Kiswahili wanamjua. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, na mnamo 1331 alipita pwani ya Afrika Mashariki. Kwa mkono wa mwandishi wake tunajua kwamba Mogadishu alikaribishwa wali wa samli na vitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili. Tunajua kwamba watu wa Mombasa walikula zaidi ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Mara ngapi tumemtumia darasani kama shahidi wa chakula cha wahenga wetu! Lakini mkate uliookwa na mama yake Tangier hakutuelezea. Aliporejea Moroko mwaka 1349, alipata habari njiani kwamba mama huyo amefariki kwa tauni. Msafiri huandika kilichomshangaza, na mkate wa nyumbani haumshangazi mtu.

Kwa sababu hiyo tumelazimika kuisoma harsha yenyewe kama hati, kiungo kwa kiungo, na hapa tulikutana na jambo ambalo hatukulitarajia. Bekingi pauda si ya kale hata kidogo. Ilitengenezwa Birmingham mwaka 1843 na mkemia aliyeitwa Alfred Bird, ambaye mkewe hakuweza kula vitu vilivyotiwa hamira. Ilihitaji miongo mingi zaidi ili iwe kipakiti cha senti chache katika kila duka la mtaa. Chai nayo, ambayo hakuna Mmoroko wa leo atakayeitenga na harsha, ilikuwa kitu cha kasri na mabalozi katika karne ya 18. Ilisambaa kwa watu wa kawaida baada ya Vita vya Krimea vya miaka ya 1853 hadi 1856, pale wafanyabiashara wa Uingereza waliokuwa wamezibiwa masoko yao walipoishusha shehena yao Tangier na Mogador. Kwa hiyo lile sinia analowekewa mtalii kwa maneno ya "chakula cha maelfu ya miaka" ni sinia la karne ya 19 na 20. Kikaango ni cha kale, chenga ni za kale, mkono usiokanda huenda ukawa wa kale. Mkate wenyewe, kwa sura tunayoijua, ni kijana. Ukisikia mtu akidai kwamba mapishi haya yote yameshuka bila kubadilika kutoka kwa Waamazigh wa kabla ya Uislamu, mwulize bekingi pauda waliinunua wapi.

Tunapita sasa kwenye karne ya 20, ambapo mambo yaligeuka kuwa mazito. Mkataba wa Fes wa tarehe 30 Machi 1912 uliiweka Moroko chini ya himaya ya Ufaransa. Watawala wapya, akiwemo Lyautey aliyekuwa mkuu wao mpaka 1925, walikuja na imani kwamba Afrika Kaskazini ilikuwa ghala la ngano la Roma ya kale, na kwamba kazi yao ilikuwa kulifufua. Ngano waliyoitaka ilikuwa ngano laini, ile ya vinu na mikate ya Ufaransa. Walowezi walipewa ardhi na motisha ya kuilima, na ngano laini ikaenea katika nchi ambayo mashamba yake yalikuwa ya shayiri na ngano ngumu. Mvua za Moroko hazikuwa zimesoma historia ya Roma. Ukame, kuanguka kwa bei duniani na malalamiko ya wakulima wa Ufaransa wenyewe viliizima ndoto hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini mbegu ilikwishabaki shambani, na mkate mrefu mweupe wa Kifaransa ulikwishabaki mjini. Wamoroko waliupa jina la koumira.

Mwaka 1945, ukame mkubwa ulikutana na uhaba wa vita. Wazee wa Moroko waliuita mwaka huo am l-bun, mwaka wa bun, yaani mwaka wa kuponi, kutokana na neno la Kifaransa bon, ile karatasi ya kupangiwa mgao. Tunalitaja hilo kwa kuwa lugha imetunza kumbukumbu kwa neno la mkopo la silabi moja, na kwa kuwa lilikuwa onyo: tangu hapo, mkate wa Mmoroko haukuwa tena suala la jiwe la kusagia na chekeche ya nyumbani tu. Ulikuwa suala la karatasi za serikali.

Baada ya uhuru wa 1956, serikali iliendelea kuwapa ruzuku watu wa mijini, nayo ruzuku ya unga ilielekezwa kwenye ngano laini. Hatuwalaumu. Casablanca ilikuwa inajaa watu waliokimbia ukame vijijini, na watu hao walipaswa kula. Ila matokeo yake ni kwamba unga mweupe ulikuwa wa bei ya chini kuliko chenga za manjano, na katika miaka ya 1980 mashamba ya ngano laini yaliyapita yale ya ngano ngumu. Mkate wa kukwaruza uliokuwa wa shamba ukaanza kuwa kitu cha kununuliwa kwa fikira.

Mwishoni mwa Mei 1981, serikali, ikiwa imebanwa na madeni, vita vya Sahara Magharibi na masharti ya wakopeshaji, ilitangaza kupandisha bei za vyakula. Tuliposoma orodha hiyo tuliisimamisha kalamu: unga, sukari, mafuta, maziwa, siagi. Msomaji arudi juu kidogo kwenye maelezo ya upishi. Ukiondoa chumvi na bekingi pauda, orodha ya serikali ilikuwa mapishi ya harsha. Kifungua kinywa cha fukara wa Casablanca kilipandishwa bei kiungo kwa kiungo. Mgomo wa tarehe 20 Juni uligeuka kuwa ghasia, na jeshi likapiga risasi. Serikali ilitaja vifo 66, upinzani ukataja mamia. Driss Basri, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, ndiye anayetajwa kuwa aliwaita wafu hao kwa kejeli "shuhada wa koumira", yaani waliokufa shahidi kwa ajili ya mkate mrefu. Kejeli hiyo ilimgeukia msemaji, kwa kuwa watu waliichukua wakaifanya jina la heshima. Mwezi Desemba 2005, mabaki ya watu waliouawa siku hizo yalifukuliwa katika kambi ya zimamoto mjini Casablanca, miaka 24 baada ya familia zao kuanza kuuliza.

Somo halikuingia mara moja. Mwishoni mwa Desemba 1983, Tunisia ilipandisha bei ya mkate na ya semolina yenyewe, na fujo zikaanzia kusini, kwa watu wa jangwani ambao chenga ndizo chakula chao, mpaka Rais Bourguiba alipofuta uamuzi huo tarehe 6 Januari 1984. Mwezi huohuo moto ulivuka ukafika Marrakech, Nador, Al Hoceima na Tetouan. Tarehe 22 Januari Mfalme Hassan II alitokea kwenye televisheni akasema bei hazitapanda, na katika hotuba hiyohiyo akawaita waandamanaji wa kaskazini awbash, makapi ya watu. Makapi ni kile kinachopepetwa kikatupwa, na mfasiri hana budi kulifikiria neno hilo mara mbili katika makala kuhusu nafaka. Sisi tumelitumia kwa kujua.

Harsha ilipona. Inauzwa leo katika vibanda vya maziwa viitwavyo mahlaba, pamoja na msemen na maziwa ya mgando, na wanawake huipika pembezoni mwa barabara, wakaikata vipande kama keki kwa watu wanaotoka kazini. Kuskusi, ndugu yake wa chekeche moja, ilipata heshima mwaka 2020, pale UNESCO ilipouandikisha ujuzi wa kuitengeneza kwa maombi ya pamoja ya Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia. Tunafurahi nchi nne zisizosikilizana kila siku ziliweza kukaa kwenye sahani moja. Lakini kuskusi ni chakula cha Ijumaa na cha wageni, na vya wageni ndivyo vinavyoandikishwa.

Tumebaki na deni la mwanafunzi wetu. Kabla ya kumjibu tulijaribu kuipika, katika jiko dogo la idara, kwa suji ya dukani. Harsha ya kwanza tuliikanda, kwa kuwa mikono yetu ni ya chapati, ikatoka ngumu kiasi cha kugongewa mlango. Ya pili hatukuikanda. Mama anayetuandalia chai aliitafuna, akatikisa kichwa, akasema: "Walimu, huu mkate mmeuangusha mchangani." Hakuwa amesikia lolote kuhusu ahrash wala Kiarabu. Tuliandika maneno yake kwenye daftari, chini ya jina la mkate.

Katika faharasa ya somo letu sasa pameandikwa hivi: harsha, mkate bapa wa Moroko wa chenga za ngano, usiokandwa wala kutiwa hamira, uokwao kikaangoni. Yule kijana aliporudi tulimwonyesha. Alisoma, akasema kikaango chake kimo. Tulimrudishia alama moja. Ya pili tulimwambia tumeizuia kwa ajili ya unga, naye ametuahidi kwamba atakata rufaa.